Panga kwa Bei, ya Chini Kwanza

Vuli ile Plovdiv yote ilinuka hoho za kuchomwa,
kila roshani na jiko lake, kila jiko na moshi wake,
nami nikamwambia Zdravko wa ghorofa ya chini:
vaa koti hili jeupe, leo wewe ni daktari.
Fundi bomba yule, grisi imelala kwenye kucha.
Nikamvika stetoskopu ya kukodi,
nikamwambia, tabasamu kama mtu mwenye majibu.

Alinunuliwa mara mia nne na kumi
na kliniki za miji tusiyoweza hata kuitamka.
Kwa Zdravko nilipaka rangi jikoni.
Kwa tufaha juu ya vitabu nililipa umeme wa Januari.

Usicheke.
Mtu lazima auwinde ufunguo ulioachwa mezani,
mwanamke anayeichekea saladi,
mwavuli mwekundu kati ya myeusi,
ili wewe uweke tangazo lako juu yake na usiuone.

Kisha ukaja ule mtandao wa kulinganisha.
Unaandika: daktari, mzee, mwenye huruma,
nao unakupangia madaktari wote wa dunia
kama mafungu ya nyanya, la bei ya chini kwanza.
Zdravko akawa ukurasa wa kwanza, kisha wa tisa.
Nikashusha. Mtu wa Manila akashusha. Nikashusha tena.
Tuliteremka hivyo, mimi na nisiyemjua,
usiku baada ya usiku, ngazi kwa ngazi, gizani,
kila mmoja akidhani mwenzake anajua sakafu iliko.
Sakafu ilikuwa stotinki kumi na tisa.
Chini ya sakafu
kulikuwa na bure.

Vijana wa bure wana kamera nzuri
na mishahara ya kazi nyingine.
Wanagawa machweo kama peremende harusini.
Nimejaribu kuwachukia, sijafaulu:
wengine wanapiga picha vizuri kunishinda.

Nami nilitoa moja.
Waliniambia, toa moja tu, jina litatangulia, wateja watafuata.
Nikatoa mikono ya mama
ikimenya hoho za moto, ngozi nyeusi ikivuliwa kama soksi.
Siku hiyo sikumwambia mtu avae chochote.

Imechukuliwa mara milioni mbili.
Jina langu halikuisindikiza hata mlangoni.

Nimeikuta kwenye pakiti ya supu.
Nimeikuta kwenye bahasha ya bima ya mazishi.
Na jana, dirishani pa duka la dawa karibu na kituo cha treni,
mikono ile ile, mikubwa kama milango,
na juu yake: *Viungo vinakuuma?*
Havikumuuma. Mama aliondoka kwa figo,
mwezi wa tatu, theluji ikiwa matope.

Nikaingia. Beji ya binti ilisema Gergana.
Nikamwambia, ile mikono dirishani ni ya mama yangu.
Akaitazama, akanitazama, akasema kwa upole,
"Hizo ni za kwenye kompyuta, mama. Huwa hazina mtu."
Nikamwambia, basi mkilibandua bango, niwekeeni.
Akasema kampuni huyahesabu mabango yote,
lakini pale kona wanachapisha.

Kona ile wachapaji ni mmoja.
Leva kumi na mbili. Sikuwa na pa kulinganisha.
Nikalipa picha yangu mwenyewe, nikapewa risiti,
nikaibeba nyumbani imekunjwa mviringo chini ya koti.

Mkono mtupu haulambwi, husemwa,
nami mwaka huu wote nimeyajua maneno hayo kwa tumbo.
Lakini paka wa mama hajui methali.
Nilipoitandaza mezani alipanda, akanusa,
akaanza kulamba pale alipozoea,
pale palipokuwa na chumvi.

Wino ulikuwa haujakauka.
Kidole gumba cha kushoto kimefutika kidogo.